Mudaka: Urea ya shambani haipashwi kuingia katika tanki la lori

Mudaka iko kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kati ya mji wa Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu, teritware ya Kabare. Kila lori linalopanda kuelekea Kavumu linaacha moshi wake kwa wale wanaofanya biashara pembeni ya barabara, wamama na watoto wao wakiwa wa kwanza.

Moshi mweusi kila mtu anauona. Gesi inayoitwa oksidi za nitrojeni haionekani kirahisi. Joto kali la injini ya mazuti linaunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida, na kinachotoka kinachoma njia ya pumzi na kuzidisha pumu.

Malori mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya tangu sheria ya Euro 4 ya mwaka 2005, ambayo baadaye yanauzwa Afrika yakiwa yametumika, yana dawa ya gesi hizo. Ni tanki dogo, mara nyingi lenye kifuniko cha buluu, lililojaa maji safi yenye urea asilimia 32.5. Maji hayo yanapulizwa ndani ya bomba la moshi, na joto linageuza urea kuwa amonia, ile yenye harufu anayoijua kila mfugaji wa mbuzi. Amonia ikikutana na gesi ile juu ya kichocheo, yaani katalizeri, vinatoka nitrojeni isiyodhuru na mvuke wa maji. Bila katalizeri, kazi hiyo ingehitaji joto la digrii zaidi ya 800. Pamoja nayo, digrii 200 hadi 450 zinatosha. (Moshi mweusi ni kazi ya filta, si ya kifaa hiki.)

Katalizeri nyingi zimetengenezwa kwa vanadi na wolframu, nyingine kwa shaba. Wolframu inachimbwa Kivu, shaba inachimbwa Katanga. Madini yanaondoka, na yakirudi, yanarudi ndani ya bomba la lori lililochoka.

Maji ya urea yakiisha, kompyuta ya lori inapunguza nguvu ya injini. Kwa dereva aliyebeba mzigo mzito kwenye mpando, hilo si jambo dogo. Ndipo linapokuja wazo la kuchukua mfuko wa urea ya mbolea na kuikoroga ndani ya maji ya bomba. Jina ni moja, lakini mbolea ina biureti na dawa za kuzuia chembe kushikamana, na maji ya bomba yana chokaa. Uchafu huo unaziba pua ya kupulizia, kisha unaharibu katalizeri, ambayo bei yake haifanani hata kidogo na ile ya mfuko wa mbolea.

Mazuti nayo yana neno, kwa sababu salfa yake inachosha katalizeri. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Ulaya ni 10. Congo iliingia katika Jumuiya hiyo ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini mazuti ya bidoni, yanayouzwa na wale wanaoitwa «Kadafi», hayana karatasi inayoonyesha yamechanganywa na nini.

Fundi wa garaji asiye na mashine ya kusoma kompyuta anaweza kuanza na macho na pua. Chumvi nyeupe iliyoganda kwenye pua ya kupulizia inaonyesha kwamba maji hayageuki vizuri kuwa amonia. Harufu ya amonia nyuma ya lori inaonyesha kwamba katalizeri haimalizi kazi yake.