SIRI YA MTUNGI WA MBEGU

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Je, siri ya mbegu iliyobadilishwa jeni tumuulize nani? Ndugu msomaji, jibu limo katika hataza.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Hapa Kenya hutolewa na KIPI, chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 2001, nayo hudumu miaka 20. Lakini si ya bure. Ni kama biashara: wewe wapewa haki, nawe watoa siri yako. Sheria yadai uieleze kazi yako wazi na kwa ukamilifu, hata fundi mwenzako akisoma aweze kuifanya. Miaka ikiisha, uvumbuzi unakuwa wa wote.

Fundi wa jua kali akivumbua jiko, kueleza si kazi. Atachora, ataandika vipimo, basi. Lakini mmea je? Huo ni kiumbe hai. Hebu tuchukue mahindi ya kustahimili ukame, ambayo Marekani iliyaruhusu mwaka wa 2011 na ambayo yalijaribiwa hapa kwetu Kiboko. Jeni yake ilitoka kwa bakteria wa udongoni. Mvumbuzi wa mmea kama huo hana budi kueleza jeni ni ipi, ilitoka wapi na iliingizwaje. Maneno yasipotosha, huko Marekani mbegu zenyewe huwekwa akiba katika ghala maalumu.

Mtauliza, "Kwani yatuhusu nini sisi wa Isiolo?" Yatuhusu sana!

Kwanza, sheria yetu haitoi hataza kwa aina ya mmea, kwa sababu hiyo ina sheria yake. Hata hivyo, haikufunga mlango kwa sehemu za mmea na mazao ya bioteknolojia. Kwa hivyo jeni iliyo ndani ya mbegu yaweza kuwa na mwenyewe. Mkulima wa Malka Daka au Gafarsa akitaka kujua mwenyewe anadai nini hasa, na mpaka lini, atayasoma maelezo hayo. Yakiwa ya kufichaficha, atalipia asichokijua.

Pili, mimea ya nchi kame ni hazina. Mtu akichukua jeni ya mtama wetu akapate hataza ng'ambo bila kutaja alikoitoa, tutajuaje? Ndiyo maana tarehe 24 Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa shirika la WIPO zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji ataje nchi asili ya kiumbe alichotumia. Mkataba huo wahitaji nchi 15 ziuridhie ndipo uanze kazi.

Kwa kutamatisha, siri iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria bado ni siri kwa mkulima wetu. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hapo ndipo penye kazi yetu. Tuyaeleze mambo haya kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.