Ziwa Lililo Chini ya Mlima: Matayarisho ya Kuteremka Empakaai

Mtu anayepanda mlima huonywa na mlima wenyewe. Hatua za mwanzo tu humtoa jasho, na akiona pumzi zinamwishia huweza kugeuka, kwani njia ya kurudi ni mteremko. Ziwa lililomo ndani ya mlima lina desturi nyingine. Safari yake huanza kwa raha na kuishia kwa taabu, na msafiri hutambua kwamba amechoka akiwa amekwisha kufika chini, mahali ambapo hapana njia ya kutokea ila ile ya kupanda.

Ziwa la namna hiyo ni Empakaai, lililoko katika Eneo la Hifadhi la Ngorongoro. Empakaai ni kasoko, au kreta kama wengi walivyozoea kuiita, iliyotokea pale kilele cha volkano ya kale kilipodidimia. Upana wake ni kiasi cha kilometa 6, na kuta zake hufikia mita 300 hivi juu ya sakafu. Karibu nusu ya sakafu hiyo imefunikwa na ziwa la magadi lenye kina cha mita 80 hivi, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki aghalabu ni ya kina kifupi. Kutoka ukingoni heroe waliosimama pembezoni mwa maji huonekana kama ukanda wa rangi ya waridi. Njia ya miguu hupita katika msitu mnene wenye nyati, na ndiyo sababu wageni huteremka wakiongozana na askari mwenye silaha. Wakati wa mvua njia huteleza kwa matope. Kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, udongo hukauka, lakini mahali pa matope huchukuliwa na vumbi na changarawe zinazobingirika chini ya soli. Watembezi wengi hufika ziwani kwa muda usiozidi saa moja. Kupanda huweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo.

Hesabu ndogo itatusaidia kuona tatizo liko wapi. Tuchukue mtu wa kilo 70 aliyebeba mzigo wa kilo 10. Kuinua uzito huo wote mita 300 kwahitaji kazi ya kilojuli 235 hivi. Misuli, kama injini ya gari, haigeuzi chakula chote kuwa kazi. Hugeuza kiasi cha robo tu, na sehemu iliyobaki hupotea kuwa joto. Kwa hiyo mwili utatumia karibu kilojuli 950, nishati ambayo mtu huweza kuipata katika ndizi mbivu mbili au tatu. Chakula, basi, si shida kubwa katika safari hii, ijapokuwa ndicho kinachofungashwa kwa wingi kuliko kitu kingine chochote.

Wakati wa kuteremka, kilojuli 235 zile zile hazina budi kwenda mahali fulani. Kama zingeingizwa katika sufuria, zingechemsha maji baridi ya kutosha vikombe vitatu vya chai. Lakini sufuria haipo; hupokelewa na mapaja, magoti na vifundo vya miguu. Iwapo kila hatua inaushusha mwili sentimita 20, safari yote ni hatua 1,500, yaani kila mguu unafunga breki mara 750. Na ajabu ni kwamba anayefunga breki hizo hahisi kazi yoyote.

Ajabu hiyo ilipimwa mwaka 1952 na wanasayansi watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie. Walichukua baiskeli mbili, wakazisimamisha zikipeana migongo na kuziunganisha kwa mnyororo mmoja. Mwendeshaji wa kwanza alikanyaga pedali kwenda mbele kama kawaida. Wa pili, ambaye pedali zake zilizungushwa kinyumenyume, kazi yake ilikuwa kuzikataza. Nguvu za miguu ya wote wawili zililingana, kwani mnyororo ulikuwa mmoja; lakini oksijeni aliyoitumia yule anayekataza ilikuwa kidogo, mara kadhaa pungufu ya ile ya mwenzake. Mwanamke mwenye umbo dogo aliweza kumshinda mwanamume mkubwa bila ya kuhema. Anayeteremka Empakaai ndiye huyo wa baiskeli ya pili.

Sababu imo ndani ya msuli. Katika kupanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza na kufupika. Katika kuteremka hujikaza huku ikivutwa na kurefuka. Msuli unaovutwa namna hiyo huweza kubeba mzigo ule ule kwa kutumia nyuzi zake chache tu, na ndiyo maana hauhitaji oksijeni nyingi. Lakini uzi mmoja unaofanya kazi ya nyuzi nyingi huelemewa. Vipande vidogo sana ndani yake huvutwa kupita kiasi na vingine hukatika. Moyo haupigi mbio, mapafu hayalalamiki, na mtembezi huendelea kuteremka akipiga soga na wenzake, ilhali breki zake zinalika.

Maumivu yenyewe huchelewa. Huanza siku ya pili na kuzidi kati ya saa 24 na 72 baada ya safari. Mwaka 1902 mtaalamu wa Marekani, Theodore Hough, alieleza kwamba maumivu hayo ya baadaye yanatokana na kuchanika ndani ya msuli, na utafiti uliofuata umemuunga mkono katika jambo la msingi. Bado wako walimu wa michezo wanaofundisha kwamba ni asidi iliyobaki miguuni. Asidi hiyo huondoka katika damu kwa muda wa saa moja au mbili, na katika kuteremka huzalishwa kidogo mno. Haiwezi kushtakiwa kwa kosa la kesho kutwa. Jambo la hatari kwa mtembezi ni kwamba ingawa maumivu huchelewa, nguvu hazichelewi kupungua. Hupungua papo hapo. Anapoanza kupanda, mapaja yake si yale aliyoshuka nayo, na magoti yanayotetemeka ufukweni mwa ziwa ni habari ya kweli ambayo haifai kuchekwa.

Kwa bahati njema msuli hujifunza upesi. Mteremko mmoja tu, hata usio mrefu, huukinga kwa majuma kadhaa dhidi ya madhara ya mteremko mwingine. Kukimbia kwenye uwanja wa mpira hakuleti kinga hiyo, kwa sababu uwanja ni tambarare. Kijana hodari wa kandanda huweza kuaibishwa na mzee aliyezoea vilima vya Lushoto. Mkazi wa Morogoro anayo njia ya Morningside katika Milima ya Uluguru. Mkazi wa Dar es Salaam itambidi atafute jengo la ghorofa, na hapo ushauri unapingana na ule wa siku zote wa madaktari: apande kwa lifti ikiwa ipo, ateremke kwa miguu. Aanze majuma matatu kabla ya safari kwa ghorofa chache, apumzike siku tatu au nne, kisha aongeze. Juma la mwisho asifanye zoezi zito, ili nyuzi zipone. Mara mbili kwa juma zatosha. Anayejitesa kila siku huenda safarini akiwa tayari ameumia.

Maji ni suala la pili. Katika kimo cha mita 2,500 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa robo. Mtu wa pwani afadhali alale angalau usiku mmoja Karatu au karibu na ukingo wa Ngorongoro kabla ya kuteremka. Asubuhi huko ni baridi na ukungu mara nyingi, jambo linalowadanganya watu kwamba hawatahitaji maji. Baadaye upepo mkavu wa kiangazi huyakausha majasho kabla hayajalowesha shati, na mtu huapa kwamba hakutoka jasho. Lita tatu kwa kila mtu si nyingi. Wengi huiacha chupa ya pili garini, kwa hoja kwamba kwenda chini hakuna kazi. Hoja hiyo ni sahihi kwa nusu ya safari. Nusu ya maji na ibaki haijaguswa mpaka zamu ya kupanda.

Ziwa lenyewe halitasaidia. Maji huingia humo lakini hayana mto wa kutokea. Huondoka kwa kugeuka mvuke na kuacha chumvi nyuma. Magadi, ambayo mpishi hutia chembe chache katika maharage ili yaive upesi, yamo humo kwa kiasi kisichofaa tumbo la binadamu. Figo hulazimika kutumia maji ya mwili ili kuitoa chumvi, na mnywaji huzidi kuwa na kiu.

Kuhusu vifaa hapana mengi. Viatu viwe vimekwisha kuzoewa, vyenye nafasi kidogo mbele na kamba zilizokazwa penye kifundo, na kucha zikatwe siku mbili kabla, la sivyo kila hatua itazigonga ukutani mwa kiatu. Fimbo mbili huyapunguzia magoti sehemu ya mzigo. Hatua fupi ni bora kuliko ndefu, na kuteremka mbio, ambako vijana hukupenda, ndiko kunakochana nyuzi kuliko vyote.

Uamuzi mgumu ni wa kurudi, na wakati wake si ufukweni. Katikati ya mteremko kila mtu na asimame kwa mguu mmoja, apinde goti polepole na kuinuka. Ambaye paja lake linatetemeka arudi kutoka hapo pamoja na mwenzake mmoja. Kwa kuwa askari naye hawezi kugawanyika, kundi lisilo na askari wawili huwa halina budi kurudi lote. Jambo hili huudhi, nalo lapaswa kukubaliwa na wote ukingoni, kabla ya hatua ya kwanza. Kumbeba mtu mzima mita 300 katika msitu wa nyati ni kazi ya watu wengi na ya saa nyingi.

Siku ya tatu, atakayeshuka ngazi za ofisini kinyumenyume hana ugonjwa. Atembee taratibu, maumivu yatakwisha ndani ya juma moja. Lakini akiona mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi, na miguu imevimba, asingoje: vitu vilivyotoka katika misuli iliyoharibika vimeingia kwenye damu na huweza kuziumiza figo. Anywe maji na aende hospitali siku hiyo hiyo.