SAUTI ZA WAZEE ZISIACHWE ZIOZE

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo na ngoma zetu. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika ya Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Miaka mingi baadaye, baadhi ya sauti hizo zilisafishwa na kutolewa upya katika CD, zikanunuliwa na wapenzi wa muziki Ulaya. Kazi hiyo ni njema, kwani bila yake sauti nyingi zingalikwisha potea. Lakini hapana budi tujiulize: wajukuu wa waliozitoa sauti zile wamezisikia?

Swali hili latuhusu sisi wa Mkoa wa Singida. Kigogo, lugha ya marehemu Hukwe Zawose, chasemwa Manyoni kama kisemwavyo Dodoma. Mzee huyo, mtunzi na mwimbaji, alipiga zeze na marimba ya mkono, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Santuri yake «Tanzania Yetu» ilitolewa Uingereza mwaka 1985, na «Chibite» mwaka 1996. Alifariki dunia Desemba 2003, naye akiheshimiwa ng'ambo kuliko vijiji vingi vya kwao.

Yafaa tufahamu kazi yenyewe ya kusafisha. Fundi hutafuta utepe wa kwanza, kwa maana nakala ya nakala huongeza mikwaruzo; kisha huupiga kwa kasi yake ya asili, akapunguza uvumi na kusawazisha sauti. Hapo ndipo penye hatari. Marimba ya Kigogo hutobolewa tundu, likafunikwa utando wa buibui, ili kila mpigo uvume. Fundi asiyejua ataudhania mvumo huo kuwa uchafu, aufute, na kumbe ameufuta muziki wenyewe! Kwa hiyo fundi peke yake hatoshi. Aketi naye mzee ajuaye.

Tena kuna haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nyimbo za mtunzi aliyefariki mwaka 2003 bado zina wenyewe. Mfanyakazi hudai ujira wa jasho lake. Basi warithi wa mwimbaji nao wasionekane waomba hisani wanapodai mgawo wao santuri inapouzwa upya.

Mwezi Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akilitaka Taifa lijivunie mila zake. Agizo hilo halikuwa la wizara pekee. Kutoka Mkalama hadi Itigi, wamo wazee wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo ambao nyimbo zao hazijawahi kunaswa. Simu ya kijana yaweza kuzinasa leo. Lakini kijana aandike jina la mtunzi, kijiji na tarehe, na kwanza aombe ruhusa. Matawi ya Chama na halmashauri zetu ziwe na mahali pa kuzitunza, na nakala moja ibaki kijijini.

Utepe ulioharibika waweza kutengenezwa, lakini mzee aliyezikwa na nyimbo zake hana fundi. Tuanze sasa, wazee wangali hai.