Ambari au Jiwe Tu? Uliza Kabla ya Kuuza

Kusi ikishavuma siku kadhaa, ufuo wetu kutoka Kiunga hadi Vanga hupokea wageni wengi: magogo, chupa, mwani, nazi zilizoota mbali, na mara moja moja bonge la kijivu ambalo si tumbawe wala si ubao. Mtu anayetembea pwani baada ya maji kupwa huliinua, akaliona ni jepesi kuliko lilivyo, na neno la kwanza limjialo mdomoni ni "ambari". Papo hapo hesabu za nyumba, harusi na safari ya Hija huanza.

Tamaa hiyo si ya leo. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika Kanbalu katika karne ya 10, aliandika kuwa ambari iliyo bora hupatikana katika visiwa na fuo za bahari ya Zanji. Wazee wetu waliipeleka Arabuni pamoja na pembe za ndovu, na hata leo waunganishaji wa manukato huithamini kwa sababu hushika harufu isiruke upesi. Kwa hivyo mtu akiiota hana lawama. Lawama ni kukimbilia bei kabla ya kujua ameokota nini.

AMBARI NI NINI?

Ambari si jiwe wala haikui chini ya bahari. Hutoka tumboni mwa yule nyangumi mkubwa mwenye kichwa kama sanduku, ambaye chakula chake ni ngisi. Midomo ya ngisi ni migumu, haiyeyuki tumboni. Huchoma matumbo, na mwili hujikinga kwa kuifunika kitu kama nta. Bonge hilo likitoka huwa jeusi, laini, na linanuka kinyesi. Likielea miaka na miaka katika jua na chumvi, hugeuka hudhurungi, kisha kijivu au jeupe, na uvundo ukawa harufu tamu. Mara nyingi ukilivunja utakuta ndani yake vipande vyeusi vya midomo ya ngisi.

Sasa tazama jamaa zake wa uongo. Wa kwanza ni lile jiwe lenye matundu ambalo akina mama wengi wanalo msalani kwa kusugulia visigino. Hilo ni povu la volkano: moto wa ardhi ukitoka na hewa nyingi ndani yake, ukapoa ghafla, povu hugeuka jiwe. Huelea kama kifuu. Ufuo wetu ni wa matumbawe, hauna volkano, kwa hiyo jiwe hilo likionekana limelala mchangani, bahari imelichukua mbali.

Na mbali kweli. Mlima wa Krakatau, baina ya Java na Sumatra, ulipolipuka Agosti 1883, mlio wake ulisikika hata kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800. Watu zaidi ya 36,000 waliangamia, wengi wao kwa mawimbi. Mawe yake yalitanda juu ya maji kama mikeka, na mwaka uliofuata yalikuwa yamefika fuo za Afrika. Aliyeokota moja hakupata ambari, lakini alishika mkononi habari ya msiba wa ng'ambo ya bahari.

Jamaa wa pili ni sandarusi, utomvu wa msandarusi uliofukiwa mchangani miaka mingi. Ni ya manjano, hupitisha mwanga, na pengine ina mdudu ndani. Katika karne ya 19 ilichimbwa sana katika pwani hii, ikapelekwa mpaka Marekani kutengenezea vanishi. Waliobaki ni mabonge ya mafuta ya mawese yaliyogandana, nta, na lami ya meli.

KULIPIMA BONGE

Anza na maji. Litie katika ndoo ya maji ya bahari. Likizama, si ambari. Likielea, usishangilie bado, kwa kuwa jiwe la volkano, nta na mafuta huelea vilevile.

Kisha litazame na kuligusa. Jiwe la volkano hukwaruza kidole, na matundu yake yanaonekana kwa macho. Mafuta ya mawese huteleza mkononi na kunuka mafuta yaliyochacha. Yaweke mbali na mbwa na paka, kwani yamepata kuwadhuru.

Mwisho ni sindano. Ipashe moto, uichome juu ya bonge, uwanjani na watoto wakiwa mbali. Jiwe la volkano halitajali. Nta itayeyuka ikawa safi kama maji. Sandarusi itanukia utomvu. Ambari huyeyuka ikawa rangi nyeusi au ya kahawia, ikanata kwenye sindano, na kutoa moshi mweupe wenye harufu yake. Lakini hata hapo umepata dalili tu; hukumu ni ya maabara. Na mtu akikutaka utangulize ada kubwa ya kupimiwa, au achukue bonge zima badala ya kipande, rudi nalo nyumbani.

HAKI NA SHERIA

Wanavyuoni wa kale walilijadili jambo hili. Ibn Abbas amepokewa kuwa ambari si rikazi, kwa kuwa ni kitu kilichotupwa na bahari, hivyo haina khumsi. Al-Hasan al-Basri akaona inayo. Aliyepata na amuulize shehe wake. Kwa upande wa serikali, sheria za nchi hutofautiana, na India, kwa mfano, imeikataza biashara hiyo. Hapa Kenya, uliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla ya kuuza au kuipeleka nje.

Lililo muhimu kuliko yote ni jepesi na halina gharama. Siku unapookota kitu usichokijua, andika mahali, tarehe, upepo na maji ya siku hiyo, bamvua au mafu, na vitu vingine vilivyokuwa kando yake. Mjuzi akiletewa bonge pekee huwa ameletewa nusu ya habari. Akiambiwa lilipolala, huweza kujua lilikotoka, na kama yako mengine. Na ikiwa ni kigae au ushanga uliotoka katika magofu ya kale, afadhali usiuondoe kabisa, uwaarifu watu wa Makumbusho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mawe mengi ya pwani yetu yamepotea hivyo: yameuzwa kwa bei ya chini, au yametupwa, na hakuna aliyejua yalikuwa nini.