Sisimizi Wahitaji Nyumba ya Namna Gani?

Wako watu Ulaya na Asia wafugao sisimizi nyumbani kama sisi tufugavyo kuku, ila wao hawatafuti mayai wala nyama. Watafuta kutazama tu. Wengi wetu hatukuwa na habari ya jambo hili hata Aprili 2025, vijana wawili Wabelgiji walipokamatwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000, wamefungiwa katika mirija 2,244 yenye pamba. Watu walicheka. Mahakama haikucheka: Mei mwaka huo huo washtakiwa wanne, wawili hao na wengine wawili waliokuwa na sisimizi katika mabomba ya sindano, walitozwa faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Pamba ile ilikuwa ya nini? Malkia akiisha kuruka na kupandwa, huziangusha mbawa zake, huchimba tundu na kujifungia humo peke yake. Hali chakula, mwili wake huyeyusha misuli ya mbawa isiyo na kazi tena, ndiyo akiba ya kulelea watoto wa kwanza. Basi mrija huiga tundu lile. Maji hutiwa chini, pamba huyazuia na kubaki mbichi, malkia hukaa katikati, na pamba ya pili hufunga mlango.

Watoto wakizidi, hapana budi wahamishwe, na hapo ndipo mfugaji ahitajipo kuchagua vitu vya kujengea. Mwingereza John Lubbock, katika karne ya 19, alitia udongo kati ya vioo viwili na kuvifunika ili pawe giza. Malkia wake mmoja aliishi karibu miaka 15. Wengine hutumia jasi, ambayo hunywa maji vizuri na bei yake si kubwa, lakini huota ukungu, na sisimizi wenye taya kali huitafuna hata wakatoroka. Matofali mepesi ya saruji yenye matundu ya hewa ni magumu zaidi. Plastiki yaonyesha kila kitu, lakini hainywi maji hata tone. Unyevu hujikusanya ukutani na kuwalowesha watoto. Mbao huvimba na kuoza.

Lakini ukuta mzuri kwa sisimizi mmoja ni kaburi kwa mwingine. Wale wa Naivasha walikuwa wavunaji, wakaao nyanda za nyasi na kuweka ghala za mbegu chini ya ardhi. Kwao nyumba yapasa kuwa na upande mbichi wa watoto na upande mkavu wa ghala. Mtu akiwaleta Kericho, penye mvua karibu kila mwezi na ukungu wa asubuhi juu ya majani ya chai, mbegu zao zitachipuka au kuoza hata katika jasi iliyo bora. Siafu, ambao wachuma chai wawafahamu kwa maumivu, hawafai kabisa, kwa maana hawana nyumba ya kudumu. Leo wako hapa, wiki ijayo wamehama. Mchwa nao si sisimizi. Ni ndugu wa mende, ingawa wajenga kuwapita wote.

Yafaa wasomaji wa Kericho na Bomet waangalie neno moja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikutenga wakubwa na wadogo, nayo yahesabu kila mnyama wa asili aishiye porini. Kijana akiombwa na mgeni amchimbulie malkia kwa fedha kidogo, ajue kwamba faini haitalipwa kwa fedha hiyo. Tena kichuguu kikipotewa na malkia wake hakipati mwingine kwa urahisi. Vibarua wake hufa mmoja mmoja mpaka kimya. Mwalimu atakaye sisimizi wa darasani na aombe kibali kwanza kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Asiyetaka kungoja kibali aweke kigae bapa juu ya udongo mwekundu, mahali papatapo jua la asubuhi, akiache majuma machache. Kigae hushika joto, na sisimizi wa hapo huenda wakawapandisha watoto wao chini yake. Akiinue taratibu kama saa nne, atazame watoto weupe wakibebwa mbio kurudi chini, kisha akirudishe palepale.