Kumwita Msaidizi Katika Mchezo wa Elden Ring: Yupi, na Wakati Gani

Katika mdahalo wetu wa muhula huu tuliulizwa kama mchezaji amwitaye msaidizi katika michezo ya kompyuta ni mwoga. Maneno yalikuwa mengi, kelele zikawa nyingi zaidi, na kengele ya chakula ikalia kabla ya jambo lenyewe kueleweka. Nimeona heri niandike katika gazeti letu, maana wengi waliosimama siku ile kusema hawajaugusa mchezo wenyewe, na wazazi watakaosoma ukurasa huu huenda wakadhani kwamba vijana wanaokaa mbele ya kioo hubonyeza vifungo ovyo tu, kama mtoto achezeaye redio ya baba yake.

Mchezo ninaousema unaitwa Elden Ring. Ulitengenezwa Ujapani na kampuni ya FromSoftware chini ya uongozi wa Bwana Hidetaka Miyazaki, ukatolewa tarehe 25 Februari 2022. Historia ya kale ya nchi ile ya kubuni ilitungwa kwa msaada wa mwandishi wa Kimarekani, Bwana George R. R. Martin. Mimi huucheza wakati wa likizo nyumbani kwa mjomba, Bukoba mjini, kwa zamu na binamu zangu, na shangazi ndiye mwenye saa.

Kila sehemu ya nchi ile ina adui wake mkuu, ambaye vijana humwita bosi. Bosi hukaa nyuma ya ukuta wa ukungu. Ukiisha kuupita, huna ruhusa ya kurudi mpaka mmoja wenu afe. Nawe ukifa, bosi hurudishiwa uhai wake wote na kazi huanza upya. Mchezaji ana mistari mitatu pembeni mwa kioo: mwekundu ni uhai, wa buluu ni nguvu za uganga, na wa kijani ni pumzi ya kukimbia, kukwepa na kupiga. Mwenye kumaliza pumzi yake mbele ya bosi amekwisha, hata awe na upanga wa namna gani.

Sasa habari ya wasaidizi. Mapema katika safari, mchezaji akiisha kupewa farasi wake aitwaye Torrent, huenda usiku katika kanisa bovu la Elleh, na huko humkuta mwanamke mwenye kofia pana ajiitaye Renna. Huyo humpa kengele ndogo pamoja na majivu ya mbwa-mwitu 3. Asiyemkuta asisikitike, maana baadaye kengele hiyo huuzwa kwa runi 1,000, runi zikiwa ndizo fedha za kule. Ukiilia kengele, wanyama hao waliokufa zamani hutokea kama vivuli vyeupe na kupigana upande wako. (Wazazi wasishtuke kwa kusikia habari za majivu na vivuli. Ni picha tu, na hakuna mtu anayeabudu kitu mbele ya televisheni ya mjomba.)

Kengele ina masharti, na hapo ndipo akili inapotakiwa. Hailii kila mahali, ila karibu na nguzo fulani za mawe. Alama ndogo ikionekana upande wa kushoto wa kioo, ujue hapo panafaa. Ina gharama: mbwa-mwitu hao huchukua nguvu za uganga 55, kwa hiyo aliyekwisha kuzitumia nguvu zake kurusha moto hana cha kulipia. Tena wakati wa kuilia mchezaji husimama wima asiweze kukwepa. Na sharti lililo kubwa kupita yote ni kwamba katika pambano moja utaita mara moja tu. Msaidizi akiuawa, amekwenda. Huwezi kumwita mwingine mpaka wewe nawe ufe, au ushinde.

Wazee wanaocheza bao watanielewa upesi kuliko wanafunzi. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kati ya zile za ubaoni 6 zimo katika nyumba. Nyumba ile ni nguvu kubwa, lakini ukiisha kuifungua na kuzisambaza kete zake, haiwi nyumba tena. Ndiyo maana mchezaji hodari huitazama, akailaza, akaendelea na kete za mkononi, huku mwenzake akiungojea mshindo wenyewe. Kengele ya Elden Ring ni nyumba ya namna hiyo.

Basi ilie lini? Wengi huilia mara tu wapitapo ukungu, na kwa mabosi walio wengi hiyo ni sawa, kwa kuwa adui huanza kwa mbali na wewe una nafasi ya kusimama. Lakini yuko adui anayekuja mbio tangu mwanzo. Kwa huyo, kwanza likwepe pigo lake la kwanza, umpite upande, na pale anapogeuka kukutafuta ndipo uilie. Kuilia huku upanga wake uko juu ni kujiua.

Njia ya pili ni kungoja. Mabosi wakubwa hupigana kwa vipindi viwili: uhai wao ukipungua hubadilika, wakawa wakali zaidi na wenye silaha mpya. Kama kipindi cha kwanza unakimudu peke yako, yafaa ukipigane peke yako, uiweke kengele kwa kipindi cha pili, ili msaidizi aingie akiwa mzima wakati wewe umechoka. Walakini njia hii haimfai anayeanza. Ndugu yangu mmoja mdogo alisikia shauri hili akalishika kama amri, na jioni nne mfululizo akafa mikononi mwa Margit kengele ingali mfukoni. Akiba isiyotumika si akiba.

Huyo Margit ndiye bosi mkubwa wa kwanza ambaye wengi hukutana naye, katika njia ya kuingia ngome ya Stormveil, na wengi huuacha mchezo hapo hapo. Ni mzee mrefu mwenye fimbo na mkia, na hila yake ni kuliinua pigo kisha akalikawiza, hata wewe ukwepe mapema akupate unapoinuka. Mbwa-mwitu humzonga vizuri mwanzoni; naye anapogeuka kuwafukuza, mgongo wake ni wako. Lakini akianza kuishika nyundo yake ya nuru, huwafagia wote watatu kama makapi. Mimi kwake napendelea yavuyavu, mdudu wa baharini ambaye watu wa pwani wanamjua kuliko sisi. Huyo hutolewa na msichana aitwaye Roderika, aliyekaa katika kibanda njiani kabla ya ngome. Yavuyavu hana haraka. Anaelea, anatema sumu, anapigwa, na hafi upesi. Nje ya ukungu wa Margit kuna pia alama ya dhahabu chini. Ukiigusa, mganga aitwaye Rogier huja kupigana pamoja nawe, na kuja kwake hakuzuii kengele. Ndugu yangu alipowatumia wote wawili, Margit alianguka siku ya tano. Majirani walidhani Simba wamefunga goli.

Katika kuchagua msaidizi watu hukosea kwa kutafuta aliye na nguvu kuliko wote. Swali la kwanza ni: wewe mwenyewe unapigana namna gani? Mwenye kurusha uganga kwa mbali anahitaji wa kusimama mbele, kama wale askari 5 wenye ngao kubwa, ambao humzingira adui na kumshughulisha. Mwenye upanga, anayekaa miguuni pa adui, anafaidika zaidi na mpiga mishale kama Latenna, anayeachilia mishale yake akiwa mbali. Wako na mifupa ya askari 2 ambayo ikivunjwa huinuka tena, isipokuwa adui aipige ingali chini. Hiyo ni nzuri kwa adui mwenye kusahau, mbaya kwa adui afagiaye ardhi.

Mashuhuri kuliko wote ni Mimic Tear, apatikanaye katika mji wa chini ya ardhi uitwao Nokron. Huyu huwa mfano wako mwenyewe, mwenye nguo zako na silaha zako kama zilivyo saa ile unapomwita, kwa hiyo ujivike kwanza unavyotaka yeye awe, ndipo uite. Halipwi kwa uganga bali kwa uhai, tena uhai 660, na anayemwita bila kunywa dawa mara moja baadaye hufa kwa pigo dogo. Alikuwa na nguvu kupita kiasi mpaka watengenezaji wakampunguza katika marekebisho ya tarehe 17 Machi 2022, na wachezaji wengi walinung'unika. Kwangu mimi walifanya haki.

Kuna bosi mmoja ambaye kwake kuita watu wengi ni hasara tupu. Jina lake Malenia. Kila upanga wake unapomgusa mtu, uhai wake huongezeka, hata kama pigo limeishia kwenye ngao. Sasa fikiri umemletea mbwa-mwitu 3 au askari 5: umemwandalia chakula. Kwake yafaa msaidizi mmoja mwepesi wa kukwepa, kama Tiche mwenye kisu cheusi, ambaye jeraha lake huendelea kumla adui baada ya pigo. Tena kwa Malenia ndipo shauri la kungoja kipindi cha pili lina maana kuliko mahali pengine.

Radahn ni habari nyingine kabisa, nami nampenda kuliko wote. Ni jemadari mkubwa kama nyumba, amempanda farasi mdogo aliyekonda. Inasimuliwa kwamba alijifunza uganga wa mvutano ili aweze kuendelea kumpanda farasi wake bila kumwumiza. Kwake kengele hailii. Badala yake, mchanga wote una alama za dhahabu, na kila alama ni shujaa aliyekuja kwenye sherehe ya vita: Blaidd aliye nusu mbwa-mwitu, Alexander ambaye ni mtungi mkubwa wenye mikono na miguu (bibi yangu alipomwona aliuliza nani amempa mtungi ruhusa), na wengine. Mmoja, Patches, ukimwita huja, hutazama, kisha hukimbia. Radahn hutupa mishale tangu ungali mbali, kwa hiyo mpande Torrent, usiende moja kwa moja, zunguka kutoka alama hata alama. Kinachomtofautisha na mabosi wengine ni hiki: mashujaa hao wakifa, alama zao huonekana tena baada ya muda. Hapo hakuna nyumba ya kulaza. Nusu ya kazi yako si kupiga, ni kuita, na kuita tena. Uhai wake ukifika karibu nusu, hupaa angani na kushuka kama nyota. Wakati ule kimbia, kisha anza mzunguko wako upya kabla hajakugeukia.

Mtu wa kweli, aliye kwake na mashine yake, anaweza pia kuitwa kwa mtandao. Lakini uhai wa bosi huongezwa kwa ajili yake, na kengele hainyanyuliwi maadamu yupo. Sisi ambao mtandao wetu huja na kuondoka kama mvua za vuli hatupotezi kitu, kwa kuwa vivuli na alama za mashujaa hazihitaji mtandao.

Sasa turudi kwenye neno la woga. Bwana Miyazaki aliwahi kueleza wazo la wasaidizi lilikotoka. Alikuwa akipanda mlima kwa gari wakati wa theluji, magari ya mbele yakakwama na kuanza kurudi nyuma. Basi yale ya nyuma yakayagusa ya mbele na kuyasukuma, moja baada ya jingine, hata yakafika juu. Hakuweza kusimama kumshukuru aliyemsukuma, maana angekwama tena. Wazo hilo akalitia katika mchezo wa Demon's Souls wa mwaka 2009. Atakayesema huo ni woga na aje wakati wa mvua kwenye mlima wa Kamachumu, abaki kitini wakati abiria wenzake wanashuka kusukuma, atueleze baadaye nani alikuwa shujaa. Mwenye kutaka kupigana peke yake na apigane, wala simcheki. Lakini kengele imewekwa na waliotunga mchezo, na bosi amepimwa wakijua ipo.

Tena msaidizi hakui kwa kuitwa tu. Yule Roderika hujifunza kazi ya kuwatia nguvu, na kwa maua yaotayo makaburini huwapandisha daraja mpaka la 10. Maua ni machache, kwa hiyo chagua wawili tu uwalee, mmoja wa kukinga na mmoja wa kupiga, kuliko kuwa na kundi la vivuli dhaifu. Katika nyongeza ya mchezo iitwayo Shadow of the Erdtree, iliyotoka tarehe 21 Juni 2024, kuna majivu mengine ya kuokotwa yanayowapa wasaidizi nguvu katika nchi ile peke yake. Nyongeza hiyo hununuliwa mbali, na mjomba amesema tungoje kahawa iuzwe.