Tengeneza kurasa zinazoingia kwa simu: somo kidogo la Bootstrap

Mwaka jana jirani yangu mmoja hapa Bukavu alikosa kazi juu ya tablo moja. Tangazo alilisoma kwa simu: kazi gani, mahali gani, diploma gani. Siku ya mwisho ya kuleta barua ilikuwa imeandikwa pia, lakini katika safu ya nne, upande wa kuume, nje ya kioo cha simu. Hakujua kama kule kuna kitu kingine. Alipofika na barua yake, tarehe ilikuwa imepita siku mbili. Wakamurudisha.

Aliyetengeneza ukurasa ule hakuwa mutu mubaya. Aliutazama kwa kompyuta yake, akaona uko sawa, basi. Lakini hapa kwetu wengi wanafungua intaneti kwa simu, tena kwa mega za kununua.

Kwa kijana anayejifunza kazi hii, chombo kiko na ni cha bure: Bootstrap.

Bootstrap ni nini?

CSS ni luga inayopanga sura ya ukurasa: rangi, ukubwa wa maandishi, nafasi. Bootstrap ni faili za CSS zilizokwisha kuandikwa, zenye vipande tayari: butoni, menyu, kadi, tablo, fomu. Wewe unaita kipande kwa jina lake. Mark Otto na Jacob Thornton waliianzisha walipokuwa wakifanya kazi Twitter, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2011. Tangu toleo la 3, mwaka 2013, inafikiria simu kwanza, kompyuta nyuma.

Faili unazipakua mara moja, unaziweka kwa kompyuta ao kwa kle ya USB, na unajifunza hata siku mega zimeisha.

Inatumika namna gani?

Kwanza, weka mustari wa viewport katika sehemu ya head ya faili yako ya HTML. Ukikosekana, simu inaonyesha ukurasa kama vile ni kompyuta, na maandishi yanakuwa madogo sawa sisimizi.

Pili, jua kwamba upana unagawanywa kwa sehemu 12. Kwa nini 12? Juu inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Ukiandika col-12 col-md-6, unasema hivi: kwa simu, kipande kishike sehemu zote 12, yaani upana wote, kioo kikifikia pikseli 768, kishike sehemu 6, ni kusema nusu. Matangazo mawili yaliyokaa bega kwa bega kwa kompyuta, kwa simu moja linashuka chini ya lingine.

Tatu, tablo. Ukiifunga ndani ya table-responsive, msomaji ataisukuma kwa kidole bila ukurasa mzima kuhama. Lakini angalia: safu ya nne ingali imejificha! Kwa tangazo la kazi, heri kadi: kila kazi na kadi yake, tarehe ya mwisho juu kabisa. Hilo Bootstrap haitakuchagulia, ni kazi ya kichwa chako.

Tena, usidanganywe na img-fluid. Inapunguza picha machoni, haipunguzi uzito wake. Picha ya mega nne itakula mega nne za msomaji hata ikionekana ndogo. Ipunguze wewe mwenyewe mbele ya kuiweka.

Kabla ya kusema umemaliza

Usitazame kwa kompyuta peke yake. Omba simu ya bei ndogo ya mama ao ya jirani, fungua ukurasa wako, umpe, umwombe akuonyeshe tarehe ya mwisho iko wapi. Usimsaidie. Kama hakuiona, rudi kwa kompyuta, kazi ingali.